Kifaa Alichopewa Shemeji

Wapendwa, kaeni vizuri. Na ninyi mliosimama pale mlangoni ingieni, viti vya mbele havijawahi kumng'ata mtu. Nimeona mmeleta ndizi, mmeleta maharage, na kuna mtu kaleta jogoo ambaye naona anataka kuhubiri kabla yangu. Mungu awabariki. Leo ni siku ya kushukuru, nami nina kisa kimoja tu, kifupi, kisha nitamwachia jogoo nafasi.

Kisa chenyewe ni cha theluji. Ninyi theluji mnaijua kwa mbali. Asubuhi mawingu yakipisha mnaiona kule juu mlimani, mnasema leo mlima umependeza, halafu mnaendelea kukamua ng'ombe. Lakini ziko nchi ambako theluji inakuja mpaka mlangoni na kukaa miezi, na watu wa huko badala ya kuikimbia wanaifuata. Wanajifunga mbao ndefu nyembamba miguuni, wanapanda mlima kwa jasho, wakifika juu wanateleza kushuka. Msiniulize kwa nini. Hata sisi tuna mambo yetu ambayo wao wakiyaona wanabaki kushangaa.

Basi mwenzetu mmoja, mtu wa ugali na mchicha kama wewe, alihamia huko kikazi na mke wake. Alikuwa akiitwa Baba Tumsifu, kwa jina la binti yao. Mwanzoni alikuwa akitoka nje ananung'unika tu, baridi hii, baridi hii. Baadaye wenzake wa kazini wakamfundisha zile mbao. Akaanguka weee, akainuka, akajifunza, na ugonjwa wenyewe ukamwingia. Ikawa Jumamosi humkuti nyumbani.

Sasa sikilizeni hatari yake, maana kisa chote kimesimama hapo. Huko mlimani, mbali na zile njia zinazotunzwa na walinzi, theluji inaweza kukatika. Upande mzima wa mlima unaporomoka na kumfukia mtu, na ikishatulia inakaza kama zege. Aliyefukiwa hawezi kujifukua mwenyewe, na asipotolewa upesi pumzi inakwisha. Kwa hiyo kila anayekwenda huko hufunga kifuani kifaa kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kifaa hicho kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, lakini kifaa cha mwenzake kinausikia hata kupitia theluji. Mmoja akifukiwa, yule aliyebaki juu anageuza swichi. Kifaa chake kinaacha kulia, kinaanza kusikiliza, na kinamwongoza mpaka pale alipolala mwenzake. Ndiyo maana mtu haendi huko peke yake.

Baba Tumsifu alikuwa na kifaa cha zamani, alichoachiwa na mfanyakazi mwenzake aliyestaafu. Kilikuwa kizima, ila ni vile vinavyomwongoza mtafutaji kwa mlio wa sikioni tu. Ukitafuta nacho, ukikaribia kinalia kwa nguvu, ukienda kando kinafifia, na wewe unazunguka unabahatisha. Alikivaa hivyohivyo bila shida, mpaka siku shemeji yake alipopiga simu. Huyu shemeji ni kaka mkubwa wa mke wake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Aliishi mji mwingine wa nchi ileile, na mbao alikuwa anazijua. Akasema, nakuja kuwasalimia, twende mlimani pamoja, lakini kifaa sina, hiki ninachotumia ni cha kuazima.

Kwa hiyo Baba Tumsifu akaenda dukani kununua cha pili. Muuzaji, mama mmoja mwenye subira, akamtolea vifaa kadhaa, akamwonyesha kimoja chenye kioo kidogo. Kwenye kioo kunatokea mshale unaokuonyesha ugeukie wapi, na chini ya mshale inaandikwa umebakiza hatua ngapi kumfikia mtu. Hakibahatishi.

"Utakwenda na nani?" yule mama akauliza.

"Na shemeji yangu."

"Basi mngekuja wote wawili mkachagua pamoja."

Baba Tumsifu akacheka. "Mama, kwani tunachagua vitenge vya sare? Nifungie hicho cha mshale."

Njiani akawa anajipongeza. Kichwani alikwishapanga kila kitu: hiki kipya changu, cha zamani nitampa shemeji. Nami siwezi kumlaumu sana. Wewe ungefanyaje? Roho ni moja, watoto wanasoma, mlima hauna huruma. Nani kati yetu angekwenda kujifunga kifuani kitu cha kubahatisha wakati kizuri kipo mezani?

Lakini nyumbani kuna mke. Mama Tumsifu alikuwa anachambua mboga, akaviona vifaa viwili vimelala mezani, kimoja kinang'aa, kingine kimechubuka pembe zote.

"Kipi cha kaka?" akauliza.

"Hicho cha zamani. Kiko vizuri tu, hakina shida."

Mama Tumsifu akaacha mboga. Mnajua mwanamke akiacha mboga. "Baba Tumsifu, kaka yangu asafiri kutwa nzima kuja kwako, halafu umvalishe kilichokuchosha wewe? Kwetu mgeni anakula makombo tangu lini?"

"Mama Tumsifu, hapa hatugawi paja la kuku. Hii ni roho yangu."

"Na ya kwake ni nini?"

Alikuwa na hoja nyingi, lakini hakuna hata moja iliyofaa kutamkwa mbele ya dada wa mtu. Akakubali, ila moyo ulikuwa umevimba.

Shemeji akafika, wakasalimiana, wakala. Asubuhi, wakiwa wanajiandaa, Baba Tumsifu akamkabidhi kile cha mshale kwa mikono miwili, na tabasamu la kanisani usoni.

"Hapana shemeji," kaka mtu akasema. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Vaa kizuri wewe."

"Aa, shemeji. Wewe mgeni wangu."

"Shemeji, mimi hata hicho cha zamani kinanitosha."

"Haiwezekani. Chukua wewe."

Adabu zetu mnazijua. Mtu anakataa mara ya kwanza, anakataa mara ya pili, mwenyeji anasisitiza. Baba Tumsifu alikuwa anasisitiza kwa mdomo huku moyoni anaomba, kataa tena shemeji, kataa mara moja tu zaidi, nitakuwa nimeshatimiza wajibu wangu. Lakini shemeji ni mtu wa heshima, hakutaka kumvunjia mwenyeji wake. Akapokea, akashukuru, akajifunga kifuani.

Wakajaribu vifaa vyote viwili pale uwanjani, vikasikilizana, wakapanda mlima. Siku ilikuwa njema, jua limewaka, theluji inameremeta mpaka macho yanauma. Shemeji akapiga soga njia nzima, habari za nyumbani, nani kaoa, nani kajenga. Baba Tumsifu anaitikia ndiyo, ndiyo, lakini jicho linakwenda kifuani kwa shemeji. Huyu leo kikitokea chochote atapona, akawa anawaza, na mimi nitazikwa kwa ajili ya adabu.

Wakafika mahali pa kukatisha mteremko mmoja mkali. Desturi ya huko ni kwamba sehemu kama hiyo hamvuki pamoja. Anatangulia mmoja, akishafika penye usalama ndipo mwingine anafuata. Shemeji akatangulia, akafika kwenye miamba, akapunga mkono. Baba Tumsifu akaanza kuvuka. Alipofika katikati akasikia kishindo kizito chini ya miguu, na theluji yote iliyokuwa juu yake ikaanza kutembea.

Akapiga kelele moja tu. Ikamzoa, ikambiringisha, ikamwingia puani na masikioni, kisha ikasimama. Kimya. Giza. Mkono mmoja ulikuwa umebaki mbele ya uso, ukamwachia kijinafasi cha kuhema. Mengine yote yalikuwa yamebanwa. Kidole hakisogei. Hakujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa hasira. Akasema moyoni, ona sasa. Ona. Mwenye kifaa kizuri yuko juu anaota jua, na mimi niko huku na takataka ya mstaafu. Ningekuwa na kile cha mshale.

Na hapo ndipo wazo likasimama.

Ningekuwa nacho, kingenifanyia nini?

Wapendwa, nataka mwende naye taratibu hapo. Yuko chini ya theluji, mikono imefungwa, giza tupu. Ule mshale ungemwonyesha nani? Kioo angekisoma kwa macho gani? Kifaa kizuri kuliko vyote duniani, kikiwa kifuani kwa mtu aliyefukiwa, kina kazi moja tu: kulia. Na kulia, hata kile kilichochubuka kilikuwa kinalia. Anayehitaji mshale ni yule aliyebaki juu. Baba Tumsifu alifundishwa hayo siku ya kwanza na yule mfanyakazi mwenzake, na alipoulizwa akayajibu kwa ufasaha, lakini alikuwa ameyaweka kichwani na moyo haukupewa habari. Moyo uliendelea kukiona kile kifaa kama hirizi, kwamba anayevaa ndiye anayepona.

Sasa akaelewa. Roho yake haikuwa kifuani pake kabisa. Ilikuwa kifuani kwa shemeji. Na kama kusingekuwa na mke mbishi, kama shemeji angekataa mara ile moja zaidi aliyokuwa akiiombea, huko juu sasa hivi mtu angekuwa anazunguka na kile cha kubahatisha, mara kinalia, mara kinafifia. Machozi yakamtoka humo humo. Akasema, Bwana, asante kwamba hukunisikiliza. Akalirudia hilo mpaka pumzi ikaanza kuwa fupi na maneno yakapotea.

Kitu kikamchoma begani. Ulikuwa ufito mwembamba wa chuma, wanaoutumia kupimia mtu yuko kina gani. Ukachomolewa, ukachoma tena palepale, halafu akasikia koleo. Koleo lilikuwa linakuja kwa fujo, kama la mtu anayechimba kisima na nyumba yake inaungua. Mwanga ukaingia. Mkono ukamfuta theluji mdomoni.

"Shemeji, upo? Hema. Hema polepole. Mshale umenileta moja kwa moja, hata sikuzunguka."

Akahema. Mnafikiri nyie mnajua kuhema? Nyie mnavuta hewa tu. Yule bwana siku ile alihema.

Shemeji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nilipokuwa nachimba nilikuwa namshukuru Mungu kwa moyo wako," akasema. "Umenipa kile kizuri, ukabaki na cha zamani. Upendo huo ndio umekutoa humu."

Jamani. Theluji haikumuumiza Baba Tumsifu kama maneno hayo. Kupigwa anaweza kuvumilia mtu, lakini kushukuriwa kwa wema ambao hukuwa nao? Akamshika shemeji yake mkono, meno yanagongana kwa baridi, akasema, "Usinishukuru mimi. Mimi nilikitaka. Nilikinunua nikijitakia mwenyewe. Mshukuru dada yako, ndiye aliyenilazimisha."

Shemeji akamtazama, akavua koti lake akamfunika. "Basi tukamshukuru wote wawili," akasema, wakaanza kushuka.

Sasa turudi hapa kwetu, kwenye mabenchi haya. Sisi tukija siku ya shukrani tunamshukuru Mungu kwa tulichovaa kifuani. Asante kwa kazi yangu, asante kwa ng'ombe wangu, asante kwa afya yangu, kwa akili zangu. Ni vizuri, endeleeni. Lakini mmewahi kukaa mkajiuliza, siku ile ulipofukiwa, nani alikufukua? Maana hapa hakuna ambaye hajawahi kufukiwa. Wengine ni ugonjwa, wengine ni msiba, wengine ni ulevi, na wengine mlifukiwa na maneno ya watu mpaka mkaacha kuja hapa. Na hukujichimba. Kuna mtu alikuwa juu, anakusikiliza wakati wewe huwezi hata kuita. Mama aliyekuombea. Jirani aliyeona mlango haujafunguliwa akaja kugonga. Wengine hata jina lake mmeshalisahau.

Halafu mtu huyohuyo ndiye tunayempa kilichotuchosha. Muda mzuri tunaupeleka kwingine, yeye tunampa mabaki. Neno zuri wanapata wageni, mke anapata miguno. Tunasema, ngoja kwanza nijitengeneze mimi. Wewe unayetaka kizuri chote kibaki kwako, umempa nini yule atakayekutafuta? Ukimwacha na njaa, na uchungu, na kinyongo, siku ya kukutafuta atakutafuta na nini?

Na wewe ambaye hukuwa na moyo, ukatoa kwa kununa, ukatoa kwa sababu mkeo aliacha mboga akakukazia macho, usikate tamaa. Mungu alikuwa na haja ya kifaa kifike kifuani kwa mwenzako, na kilifika. Moyo wako ataushughulikia mkiwa mnashuka.

Basi hatupiti kwenye sadaka kwanza. Geuka, mtazame aliyekaa kando yako. Ndiyo, hata huyo ambaye hamjasalimiana tangu ule mgogoro wa mpaka. Mshike mkono umwambie asante. Akikuuliza asante ya nini, mwambie bado hujui.