Sisimizi Juu ya Mpira

Mtu mmoja alikuwa na mwana aliyekosa maziko ya mama yake. Mtu huyo, Senkondo, alikuwa fundi wa kukata tyubu kuukuu kuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Mwanawe Mbonea aliporudi, alitaka jambo moja tu: kuushika mkono wa baba yake. Alimfuata sokoni, baba akahamisha meza. Aliketi karibu naye kanisani, baba akahamia benchi la mbele.

Binti wa Senkondo, Namkunda, alikwenda kumwombea kaka yake msamaha. Alimkuta baba amefunga mpira kwenye nguzo ili aujaribu, na karibu na nguzo sisimizi mmoja alikuwa akitembea juu ya mpira huo, akielekea ncha ya pili. Senkondo akaishika ncha hiyo, akacheka bila furaha.

"Haya, mama. Tuseme mpira huu haukatiki kamwe, nami narudi nyuma nikiuvuta bila kusimama, upesi kuliko mdudu huyu. Siku akiugusa mkono wangu, kaka yako naye ataushika."

 Namkunda alichukua chaki, akachora alama kwenye mpira mzima, zimekaribiana kama meno ya kitana. Kisha akamwomba avute. Senkondo akarudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulienda mbali na nguzo, lakini kila alama iliachana na jirani yake kwa upana wa unywele tu. Sisimizi akaivuka moja, akaivuka na ya pili.

Fundi alikuwa amevuta mipira maisha yake yote, akidhani aliyeko nguzoni huachwa. Sasa aliona kwamba mpira hurefuka kila mahali, nyuma ya sisimizi kama mbele yake. Mkono ulikimbia, lakini alama iliyofuata haikuweza kumkimbia mdudu yule, wala ile iliyokuwa mbele ya alama hiyo. Na alama zilikuwa na mwisho. Mwili ukamsisimka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipomwona mtu.

"Baba," Namkunda alisema, "atachelewa mno, lakini atafika. Kila unaporudi nyuma, unamvuta na yeye."

Senkondo aliitazama ncha ya mpira iliyokuwa bado mkononi mwake. Kisha akasema, "Kamwite."

Nanyi mnaomkimbia mtu lakini hamjamwachia, mnadhani ni nani anayemleta?