Kidari cha Beberu wa Jubilei

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, kompyuta za majumbani zilipoanza kudai mifumo mipya kama watoto wanavyodai nguo za Krismasi, aliishi Machame mwalimu mmoja wa kwaya, jina lake Ndeonansia. Alikuwa mjane, mstaafu, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Kwaya Kuu ya usharika wake ilimwogopa kuliko ilivyomwogopa mchungaji. Ukikosea nota hakugombezi. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unatafuta pa kujificha.

Sebuleni kwake, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta. Ndani ya kompyuta ilikaa programu iitwayo Sauti Nne, aliyowekewa na marehemu mumewe miaka mingi nyuma. Na ndani ya Sauti Nne zilikaa nyimbo zake zote, zimeandikwa kwa nota za solfa, zile za d na r na m, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne. Mwaka huo alikuwa akitunga wimbo wa jubilei, maana usharika ulikuwa unatimiza miaka mia moja. Aliuanza Pasaka. Krismasi ikakaribia, ubeti wa mwisho bado. Na alikwisha kumwambia mchungaji kwamba huo ndio wimbo wake wa mwisho. Akishauimbisha, anawaachia wengine kwaya. Wimbo huo ukipotea, basi, hana mwingine wa kuagia.

Sasa, kila alipoiwasha kompyuta ile, maneno yalitokea: mfumo huu utaacha kuhudumiwa, sasisha sasa, au nikumbushe baadaye. Mwalimu anabonyeza nikumbushe baadaye. Kesho yake yale yale. Nikumbushe baadaye. Miezi minane! Kompyuta haikuchoka kukumbusha, naye hakuchoka kuahirisha, wakawa wamezoeana.

Mnawajua Wachaga na Krismasi? Aliye Dar anapanda mlimani, aliye Mwanza anapanda, aliyenuniana na nduguze naye anapanda, ataendelea kununa akiwa nyumbani. Kwa Mwalimu wakapanda wawili. Wa kwanza, mwanawe Anaeli, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Dar. Wa pili, bintiye Aikande, muuguzi wa Dodoma. Na wa tatu hakupanda kwa sababu hakuwahi kushuka: Ndetaramo, mdogo wa marehemu, jirani wa uzio mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne na mfugaji wa ng'ombe wawili.

Anaeli hata chai hakumaliza. "Mama! Hii kompyuta iko wazi kama choo kisicho na mlango! Mfumo wenyewe umezeeka, hauna kinga. Kirusi kimoja kikiingia, nyimbo zako zote kwisha. Tusasishe leo leo."

"Thubutu," akasema Aikande. "Kaka, Sauti Nne ni ya enzi za baba. Mfumo mpya utaijulia wapi? Ukisasisha leo, Mama atamalizia wimbo kwa nini, kwa mkaa ukutani?"

"Na kirusi je?"

"Kirusi kimengoja miezi minane, kitashindwa kungoja wiki mbili, jubilei ipite?"

Ndetaramo akafuta masharubu. "Mimi kompyuta siijui. Ila ng'ombe anayetoa maziwa hahamishwi zizi."

"Na zizi likiwa na chui, Baba mdogo?"

Hapo Ndetaramo akarudi kwenye chai yake. Mwalimu aliwatazama wote watatu, kichwa kikimgonga. Anaeli anajua kazi yake, hilo hakuna ubishi. Lakini Aikande naye hakusema upuuzi. Siku mbili Anaeli akasema, akasema tena, hadi mama yake akainua mikono. "Haya, baba, umeshinda! Kesho nikienda sokoni, sasisha."

Kesho yake Aikande akatangulia kuamka. Akachomoa kile kisanduku cha intaneti, akakiviringisha kwenye khanga, akakizika ndani ya pipa la unga. Maskini, moyo ulimwenda mbio, maana tangu azaliwe hajawahi kumdanganya mama yake. Anaeli alipouliza, akajibu huku akimenya ndizi: "Mafundi wamekichukua. Kina hitilafu." Na simu huko migombani mtandao wake wa kubahatisha. Siku tatu nzima Anaeli akawa anazunguka uani, simu juu, kama anayemtafuta kuku aliyeruka uzio.

Siku tatu hizo ndizo zilizokuwa za Mwalimu. Kompyuta ikiwa ile ile, Sauti Nne ile ile, alikaa kila baada ya chai ya asubuhi, anaandika, anafuta, anaimba peke yake sauti nne kwa zamu. Siku ya tatu, ubeti wa mwisho ukaja wote, mzima, kama uliokuwa umesimama mlangoni ukingoja kukaribishwa. Mwalimu akapiga kigelegele. Akalia kidogo. Kisha akatoka barazani akatangaza: "Nimebadili nia! Wimbo umekamilika. Kompyuta isiguswe hadi tuimbe. Nimesema."

Kila mtu alisikia. Anaeli alisikia vizuri zaidi.

Siku ya pili baada ya Krismasi, Mwalimu akaenda kanisani kuifundisha kwaya mwanzo wa wimbo kwa mdomo, maana duka la kuchapa karatasi lilikuwa limefungwa hadi Mwaka Mpya upite. Anaeli akaingia stoo kuchota unga wa uji wa mbwa. Akazamisha kopo. Ko! Akazamisha tena. Ko! Akatoa khanga, akafungua. Jamani! Alicheka, kisha akakasirika, kisha akatazama njia ya kanisani. Alijua kabisa mama yake amekataza. Alijua pia kwamba mlango wa kompyuta bado uko wazi kwa kirusi. Akachomeka kisanduku, akabonyeza sasisha sasa, akaketi akijifuta jasho.

Mwalimu aliporudi alikuta kompyuta yake ina sura ngeni. "Anaeli! Nilisema nini mimi?"

"Mama, nyimbo zote zipo. Hesabu faili."

Kabla Mwalimu hajazihesabu, akaingia katibu wa kwaya na flashi kutoka kamati ya jubilei, yenye ratiba ya siku hiyo. Wakaichomeka. Kompyuta ikalia, ikaandika kwa wekundu kwamba ndani ya flashi mna kirusi, ikakataa katakata kuifungua. Haikupita saa moja, simu zikaanza. Flashi hiyo hiyo ilikwisha kupita ofisi ya usharika na kwa walimu wa kwaya wawili, na kila ilipopita mashine zilifagiwa, faili hata moja halikubaki. Mwalimu wa kwaya ya vijana alikuwa analia simuni kama mtoto.

Mwalimu akavuta kiti. Akakaa. "Anaeli, mwanangu," akasema. Akamkumbatia.

Basi akaenda kuutazama wimbo wake. Sauti Nne? Haifunguki. Akabonyeza tena, wapi! Anaeli akalifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, na hapo ndipo palipokuwa na kituko. Mnajua solfa huandikwa kwa nukta mbili kisha herufi. Programu ile ya barua, kila ilipoona nukta mbili na herufi d, ikaweka kikatuni cha uso unaocheka. Penye nukta mbili na s, uso uliokunja midomo. Ubeti wa toba, wa watu waliopiga magoti, umejaa meno nje! Mistari mingine ikaungana, sauti ya tatu ikaingia ndani ya sauti ya pili, hakuna kusomeka.

Aikande alicheka kwanza, halafu akamwona mama yake usoni, akanyamaza. Mwalimu sauti ya kwanza aliikumbuka. Zile tatu za chini, za ubeti mzima wa mwisho, alizozihangaikia miezi minane, hakuzikumbuka. Anaeli akajaribu kuurudisha mfumo wa zamani, ukagoma. Kile kisahani cha CD cha kuwekea Sauti Nne alichoacha marehemu kilivunjika zamani. Na jubilei zimebaki siku tano.

"Ndiyo nimeagwa hivyo," akasema Mwalimu, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watoto wake.

Hapo Ndetaramo, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa, akakohoa. Akakohoa tena. "Shemeji, nina jambo. Usinitazame."

Hapa ni lazima mjue kitu. Miaka miwili kabla, kwaya ya ng'ambo ya mto iliuimba wimbo wa Mwalimu siku ya Pasaka kabla yeye mwenyewe hajauimba. Nani aliutoa, haikujulikana. Tangu siku hiyo Mwalimu aliwaapisha wanakwaya wote, mmoja mmoja, mkono juu ya Biblia, kwamba hakuna atakayenakili nyimbo wala Sauti Nne. Ndetaramo aliapa. Kwa sauti nzito kuliko wote.

"Bandani kwangu nina kompyuta ya mtumba," akasema. "Nakamua huku nasikiliza kwaya. Mwezi wa nane uliniacha hapa nikingoja chai, nikainakili Sauti Nne yako na nyimbo chache. Nota zinanishinda, shemeji. Nilitaka nijifunze peke yangu, mbele ya ng'ombe. Wao hawanitazami."

Mwalimu akachukua daftari na kalamu. Wakatoka wote wanne, Anaeli na flashi mpya, hadi bandani. Wimbo wa jubilei haukuwamo kwenye mashine ile ya Ndetaramo, kwani ulikuwa haujakamilika alipoiba. Ulikuwa mzima ndani ya faili lake la sebuleni, ukikosa tu Sauti Nne ya kuusoma, na Anaeli alikuwa ameunakili kwenye flashi. Wakaichomeka, wakabonyeza, na huku ng'ombe akitafuna majani ya migomba, sauti nne zikajipanga kwenye kioo, nota kwa nota. Wakanakili kwa kalamu hadi vidole vikafa ganzi.

Jumapili ya jubilei Kwaya Kuu iliimba. Sitawasimulia, siwezi. Mchungaji alivua miwani akaifuta mara tatu. Usharika ukawazawadia beberu mweupe, nao wanakwaya wakasema kwa kauli moja: beberu ni wa Mwalimu, aende akamchinjie nyumbani, ukoo upate kula.

Na katika ukoo ule, mbuzi hagawanywi ovyo. Mashangazi wana fungu lao, wakwe wana lao, hata mchinjaji ana lake. Lakini kidari ni kimoja, na mwenye nyumba humpa mtu aliyemwokoa, tena kwa maneno, mbele ya wote. Nyama yenyewe huisha siku ile ile. Maneno yatasimuliwa hadi kwa wajukuu.

Mwalimu akasimama na sahani ya kidari.

"Ni changu," akasema Aikande. "Nisingeficha kisanduku, mngesasisha siku ile, na wimbo ungebaki bila mwisho. Mngeokoa nini? Nusu wimbo?"

"Ulimdanganya Mama," akasema Anaeli. "Ni changu mimi. Ningekutii wewe, Mama, flashi ile ingefagia ubeti wa mwanzo na wa mwisho. Hao wenzetu waliolia simuni, nani aliwasasishia?"

"Ukaacha vikatuni vinacheka," akasema Aikande.

Ndetaramo akazungusha kofia mikononi. "Mimi sidai kwa nguvu. Ila nauliza tu. Bila kompyuta yangu ya bandani, mngeimba nini?"

"Uliapa, Baba mdogo," akasema Anaeli. "Biblia ile!"

"Niliapa," akasema mzee, akainamisha kichwa.

Shangazi mmoja akadakia kutoka nyuma kwamba kidari ale Mwalimu mwenyewe, kwani nani alitunga? Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Nilisema ndiyo," akasema, "binti yangu akanizuia kwa uongo. Nikasema hapana, mwanangu akasubiri nigeuze mgongo. Nikakataza kwa kiapo, shemeji yangu akala kiapo, kisha akakivunja. Mngenitii wote watatu, Jumapili ningesimama mbele ya kanisa mikono mitupu. Na nikimpa mmoja wenu kidari hiki, nitakuwa nimeuambia ukoo mzima kwamba kuniasi kwake yeye ndiko kulikokuwa na haki."

Akamtazama Aikande. Akamtazama Anaeli. Akamtazama Ndetaramo, ambaye safari hii hakutafuta pa kujificha. Sahani ikaanza kumlemea mikono, na mafuta ya nyama yakaanza kuganda.

Haya, mliokaa hapa mkinisikiliza na kutikisa vichwa, msiniulize mimi alimpa nani. Nawauliza ninyi. Wote walimwasi, wote walimwokoa. Je, nani alistahili kidari? Na kama sahani ingekuwa mikononi mwako, na hao watatu ni watu wako wa nyumbani, ungemnyooshea nani?