Koti Moja la Msiba wa Otto

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuongea, ni hii ya juzi ambayo ndege zilikwishakuwepo, kanisa moja la huko Tukuyu liliamua kupeleka wamisionari Ulaya. Msicheke. Jirani akikupa kaa la moto, halafu moto wa kwake ukazimika, si unamrudishia kaa?

Walichaguliwa watatu, waende wiki mbili. Mchungaji Ambakisye, kwa sababu anajua Kiingereza na anapenda kijulikane. Mwinjilisti Lusekelo, kwa sababu ana nguvu na hana maneno. Na Mama Atuganile, mwenyekiti wa wanawake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

"Baridi tunaijua sisi," Mama Atuganile aliwaambia wenzake. "Kwetu mvua miezi kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ni ukungu."

Hata hivyo walinunua makoti mazito matatu kwenye mitumba, makoti yaliyotoka hukohuko Ulaya, wakayafunga kwenye begi moja. Begi likapanda ndege. Ndege ikatua, watu wakashuka, begi halikushuka.

Hapo ndipo Mama Atuganile alipokutana na baridi yenyewe. Ile ya Tukuyu ilikuwa kitukuu chake. Hii ilimshika masikio kama mwalimu wa hesabu, ikamwingia kwenye meno, ikashuka mpaka vidole vya miguu ikavikalia. Alivaa khanga zote nne na sweta, bado akatetemeka mpaka hereni zikalia.

Mwenyeji wao alikuwa Mchungaji Henrik, mzee aliyewahi kufundisha Tukuyu ujanani na kurudi na Kiswahili chake. Siku ya kwanza aliwaambia, "Poleni, begi linakuja kesho." Siku ya pili akawaambia, "Poleni, begi linakuja kesho." Siku ya tatu akaona aibu, akaondoka asubuhi kwa basi kwenda uwanja wa ndege kulifuata mwenyewe.

"Ninyi kaeni ndani," aliwaasa. "Moto upo."

"Hatukupanda ndege kuja kuota moto," alisema Mchungaji Ambakisye alipobaki na wenzake. "Twende nyumba kwa nyumba."

Wakaenda. Nyumba ya kwanza, hodi, kimya. Nyumba ya pili, hodi, pazia likatikisika, kimya. Nyumba ya tatu mtu alifungua, akawatazama, akawapa magazeti ya zamani akidhani wanakusanya, akafunga. Ya nne kimya, ya tano kimya, ya sita mbwa hata hakubweka.

Nyumba ya saba mlango ulikuwa wazi. Ndani alisimama bibi mmoja mwenye nguo nyeusi, analia begani mwa jirani yake. Mezani kulikuwa na mshumaa na maua.

"Msiba," alisema Mama Atuganile.

"Tuulize kwanza ni nani aliyefariki," alisema mchungaji.

"Mchungaji, tangu lini mtu akauliza mlangoni? Unaingia unalia. Jina la marehemu utalikuta ndani."

Akajifunga khanga moja kiunoni, akapiga yowe, akaingia na kuanguka kwenye zulia. Tuseme kweli, alichokuwa analilia ni vidole vyake vya miguu. Lakini yowe lilikuwa yowe, hata vikombe kabatini vililisikia. Jirani alikimbia. Yule bibi, jina lake Gudrun, alibaki mdomo wazi. Mpaka hapo alikuwa akilia kidogokidogo, kama mtu anayekohoa katikati ya ibada. Akamtazama mgeni anayegaagaa, akaketi sakafuni, akamkumbatia, akatoa sauti naye.

"Mnatazama nini?" Mama Atuganile aliwageukia wanaume. "Toeni makochi nje! Waombolezaji watakaa wapi?"

Makochi yakatolewa, yakapangwa kwenye theluji barabarani. Mama akaingia jikoni kutafuta sufuria. Kubwa kuliko zote ilitosha mayai matatu. Akachukua beseni la shaba lililowekewa kuni, akalisugua, akapika humo kabichi na viazi. Majirani waliokataa kufungua milango sasa wakaja mmoja mmoja kuuliza habari za makochi barabarani. Kila aliyeuliza alipewa sahani na kuoneshwa pa kukaa sakafuni. Hakuna aliyekataa, maana Mama Atuganile hakujua kwao watu hukataaje.

Lusekelo alitafuta sururu, akaenda bustanini ambako Bibi Gudrun alimwonesha kwa kidole. Alipima kwa mikono: mrefu kiasi gani? Bibi akampimia kiasi cha mkono mmoja na nusu. Lusekelo akashangaa. Akaenda nyuma ya banda la bustani lilikowekwa sanduku la marehemu, akafunua pembeni. Akaona mkia.

Alifunika, akarudi kwenye sururu yake, akanyamaza. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali la kuchoma, naye alichimba mpaka kimo cha mabega, kaburi la mtu mzima. Jasho likamtoka. Alikuwa mtu pekee mwenye joto katika nchi ile.

Mchana walizika. Mchungaji Ambakisye alihubiri kwa Kiingereza, ambacho Bibi Gudrun alikijua kidogo, akimwita marehemu ndugu yetu Otto, jina alilolisikia kwenye kilio. Alisema Otto alikuwa nguzo ya familia. Alisema Otto amepigana vita vizuri. Alipofika kwenye malango ya mbinguni, Bibi Gudrun akaweka picha juu ya sanduku: Otto, ulimi nje, utepe mwekundu shingoni.

Mchungaji akatazama picha. Akamtazama Gudrun, aliyekuwa akimtazama yeye kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Alikuwa mwaminifu," mchungaji akaendelea, taratibu sasa. "Hakumsengenya mtu. Hakuacha kumpokea aliyerudi nyumbani." Kisha akamfungulia Otto malango, akamwingiza, akafunga.

Jioni Henrik alirudi bila begi, akakuta makochi barabarani na nusu ya kijiji sakafuni.

"Amekufa nani?"

"Otto," alisema Mama Atuganile, sauti imemkauka.

"Otto? Mama, Otto ni mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa. Wa miguu minne."

Mama Atuganile alisimama. "Mzee Anyosisye, mume wangu wa ndoa, nilimlilia nusu ya hapa!"

Kabla hajamaliza, Bibi Gudrun alitoka chumbani na koti la ngozi ya kondoo, zito, la kufika magotini. Akasema, Henrik akatafsiri:

"Mume wangu alizikwa na watu kumi na mmoja. Walikula biskuti wamesimama, wakatazama saa. Leo nimelia mpaka nimeshiba. Koti hili lilikuwa lake, sina jingine la kutoa. Ni la yule aliyenifariji. Majina yenu siyajui, na kwa machozi sikuona vizuri nani kafanya nini. Amueni wenyewe." Akalitundika kwenye kiti.

Na asubuhi walitakiwa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu juu ya theluji, maana Jumapili huko hakuna basi.

"Ni langu," alisema Mama Atuganile. "Bila kilio changu kungekuwa na msiba? Mngekuwa bado mnagawiwa magazeti."

"Ulililia vidole vyako, dada yangu," alisema mchungaji.

"Machozi yalimfikia, hayakumfikia? Ningejua ni mbwa nisingelia, na yeye asingelia. Kutojua kwangu ndiko kulikomponya."

Lusekelo, asiye na maneno, akayapata. "Mimi nilijua tangu asubuhi. Neno moja langu na msiba ungevunjika. Nilikaa na aibu ile peke yangu, nikampa mbwa kaburi la mtu."

"Ulinyamaza ili uendelee kuota joto!" Mama akamrukia.

"Na wewe mchungaji," alisema Lusekelo, "ulihubiri usichokiamini."

"Nyamaza, mwanangu. Ninyi hamkupoteza kitu. Mimi nilimtazama mama yule nikachagua. Nikirudi Tukuyu nitamjibu askofu kwa nini nimemwingiza mbwa mbinguni. Lakini ni neno lipi lililomkausha machozi, kama si hilo?"

Henrik alipoulizwa aamue, alikwenda kurudisha makochi.

Sasa ninyi mnaosikiliza, msiseme likatwe vipande. Robo tatu za baridi ile zitaingilia hapo penye mkato. Msiseme wapokezane njiani. Atakayelivua ataganda kabla mwenzake hajafunga kifungo. Wala asiseme mtu arudishiwe mwenyewe, atakayesema hivyo baridi ameisikia redioni tu. Mmoja alilia bila kujua. Mmoja alijua, akafunga mdomo. Mmoja alijua njiani, akaendelea kuufungua. Kunakucha, watatu wako mlangoni, koti liko kwenye kiti. Je, alivae nani?