Kwa Nini Mkuu wa Vikinduni Huitwa Mnywa-Mwisho

Zamani hizo Vikinduni hakukuwa na meya wala diwani. Mji ulikuwa na mkubwa mmoja, akiitwa Mnywa-Kwanza, kwa kuwa kila asubuhi mitungi yake saba ilijazwa kabla mtu mwingine hajatia ndoo kisimani. Jina hilo lilikuwa tamu kwa mwenyewe tu.

Kata ya kuchotea maji kisimani ilishikwa na Bi Mwatime, mama asiye na maneno mengi. Mtu asipopokea maji ya kwanza mkononi mwake hakuhesabiwa kuwa mkubwa, hata angevaa kilemba kirefu namna gani. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali mkubwa alikufa, na mrithi wake, Mwinyikai, akaja kutawazwa. Bi Mwatime alichungulia kisimani, akaona maji hayajazi hata mitungi minne. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake, mzazi wa siku tatu, maziwa yamemkauka kwa kiu. Roho ilimuuma.

“Mwanangu Mwinyikai,” alisema, “maji utakunywa. Ila wenzio kwanza.”

Wazee waliguna. Mwinyikai alivimba kama andazi, lakini angefanya nini na kata hakuwa nayo? Alisimama juani akitazama wajane, wachunga mbuzi na yule mzazi, aliyeletwa akishikwa mkono, wakinywa mmoja mmoja. Alasiri zamu yake ilifika. Alipewa nusu kata ya tope.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwinyikai alikunywa, akatema mchanga.

“Mama, sikujua kisima kimekauka hivi.”

“Ungejuaje? Nyie wakubwa hamjawahi kukifikia chini.”

Mwinyikai alivua kilemba, akaomba jembe, akashuka mwenyewe. Alichimba siku mbili, mikono ikamtoka malengelenge, na siku ya tatu maji yakabubujika yakamfika magotini. Bi Mwatime alicheka kwa furaha mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Akamwita kwa jina jipya, na mji mzima ukaitikia.

Na tangu siku hiyo mkuu wa Vikinduni ni Mnywa-Mwisho. Sasa pana ukumbi, muhuri na mabomba, lakini meya akiapishwa, kata huzungushwa ukumbi mzima, kuanzia kwa wafagiaji, na yeye hufikiwa mwisho. Ikimfikia na matone tu, hakuna anayempa pole. Watu hungoja kuona kama ataomba jembe.