Jicho la Mwalimu na Vitambaa Tisa

Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, yaani jambo gumu halishindwi kwa nguvu za mara moja, bali kwa kurudiwa bila kuchoka. Wengi hukariri maneno hayo darasani kisha wakayasahau. Mwanamke mmoja, fundi wa macho ya bandia, aliyaishi.

Wenzake karakanani walimbandika jina la Konokono, kwa kuwa jicho moja lilimchukua asubuhi nzima. Jirani yake mezani aliitwa Umeme, naye kwa mashine yake ya kung'arisha alimaliza matano kabla ya chai.

Siku moja aliingia mwalimu wa shule ya msingi, kope nyekundu. Jicho alilotengenezewa na Umeme liling'aa kama kioo, lakini kila alipopepesa, lilimkwaruza kope na machozi yakamtiririka. Wanafunzi walidhani analia. Wiki mbili alikuwa amejifungia nyumbani kwa aibu.

"Kesho narudi darasani," alisema. "Nikishindwa tena, darasa langu anapewa mtu mwingine. Nisaidieni, jamani."

Mwalimu akalivua jicho lile, na Konokono akalichunguza chini ya taa. Mng'ao ulikuwa wa juu juu tu. Umeme alikuwa ameruka kutoka msasa mkali moja kwa moja hadi kwenye mashine, na mikwaruzo yote ilikuwa imebaki. Akatoa vitambaa vyake tisa vya msasa, vyenye mgongo laini wa sponji unaofuata mviringo wa jicho. Akalowesha cha kwanza, kikali kuliko vyote, akasugua. Jicho likafifia kama dirisha lenye mvuke.

"Umeniharibia jicho!" mwalimu alipiga ukelele.

"Ndiyo kwanza naanza, mwalimu. Keti."

Umeme akacheka. "Konokono, weka kwenye mashine! Dakika mbili tu."

Konokono akaendelea kusugua. Kila kitambaa alikipitisha kwa kukatiza mikwaruzo ya kilichotangulia, mpaka ifutike yote, kisha akaliosha jicho ndipo ashike kingine. Alipomaliza cha saba, lilimetameta. Mwalimu alinyoosha mkono.

"Linatosha, dada. Nipe niende zangu."

Konokono akaligeuza chini ya taa. Mstari mmoja, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umebaki tangu kitambaa cha tatu. Nani angeuona? Hakuna, ila kope ingeusikia. Alijikasirikia sana. Akarudi hadi cha nne, akaanza upya mpaka akafika cha tisa, vidole vikimuuma na ngozi imekunjamana kwa maji.

Alasiri mwalimu alinawa mikono, akalivaa jicho, akapepesa mara moja, mara kumi. Wote walimkodolea macho. Shavu lilibaki kavu.

"Mbona silisikii?" aliuliza, kisha akaangua kicheko.

Umeme akazima mashine, akasogeza kigoda chake karibu. "Dada, hebu nionyeshe hicho kitambaa cha kwanza unavyokishika."

Kweli, papo kwa papo kamba hukata jiwe.