Pimbi Atafuta Wagombea Wapya

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na vijiji, vikao na wenyeviti kama sisi (masikini, hawakujua wanajitakia nini), palikuwa na kijiji kiitwacho Bwawani. Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupanga nani anywe maji kwanza, naye akajipanga mwenyewe. Baada yake walikunywa wakubwa wenzake wanne: Tembo, Kifaru, Nyati na Twiga. Wadogo walifika mwisho, wakanywa tope.

Mama Pimbi wa kule majabalini, mnyama asiyemzidi paka, alikuwa na mtoto mmoja. Mtoto huyo alikuwa anaharisha wiki ya tatu kwa sababu ya tope hilo, amebaki macho tu. Pimbi alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na hofu.

"Si wangemtoa Kiboko kwa kura?" mtaniuliza. Haya, isikieni kura yenyewe. Kila kaya ilitoa mpiga kura mmoja, akasimama nyuma ya mgombea wake. Kisha Korongo, karani wa kijiji, akaupima mstari kwa hatua zake, tapu, tapu, tapu. Vichwa havikuhesabiwa, ulipimwa urefu. Wakubwa wanne wakijipanga nyuma ya Kiboko, hatua kumi na tano. Kaya zote thelathini za kina pimbi, kanga na digidigi zikijikusanya, hatua kumi na mbili. Haki bin haki.

Mwaka mmoja Chatu aligombea, na peke yake alijinyoosha hatua saba; ukiongeza kumi na mbili za wadogo, kumi na tisa. Kiboko alishtuka, akatunga kanuni papo hapo: mgombea hapimwi, wanapimwa walio nyuma yake. Chatu akajikunja, akaenda zake.

Basi ukaja waraka kutoka wilayani: kila kijiji kitafute wagombea wapya, kiwalee na kuwatia moyo. Kiboko akausoma, akapiga mwayo, akamwita Pimbi.

"Nimekuteua uongoze Kamati ya Kutafuta Wagombea Wapya."

"Ahsante, mwenyekiti. Wajumbe wenzangu ni akina nani?"

"Ni wewe."

"Na ofisi?"

"Jiwe lolote lenye kivuli. Hii ni kazi ya kujitolea, mama, hata chai haina. Ukikosa watu, andika umekosa. Usijitese."

Akampa na kofia yenye picha yake Kiboko. Ilimfunika Pimbi mpaka mabegani.

Pimbi akaondoka anawaza. Akimsimamisha mdogo mwenzake, atapata hatua kumi na mbili zilezile. Akasimama njiani. Mbona waraka haukusema wagombea wapya wawe wadogo?

Akageuza njia, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini?"

"Nimetumwa na kamati. Imekaa, imechambua majina yote ya kijiji, na wajumbe wote kwa kauli moja wamekutaja wewe uwe mwenyekiti."

Tembo akapepea masikio, pwa, pwa. "Mimi? Jamani. Sijawahi hata kuwaza." Alikuwa anawaza mwaka wa kumi na moja sasa, na hotuba alikuwa nayo tayari. "Ila nyuma yangu atasimama nani?"

"Niambie wewe, babu. Kati ya wakubwa wenzako, yupo asiyekuheshimu?"

Tembo akafikiri sana. Hakumwona.

"Basi fomu nitakujazia mimi," Pimbi akasema. "Lakini usimwambie mtu. Ugombea mpya ni kama mimba changa, hautangazwi."

Twiga alikubali kabla salamu hazijaisha. Kifaru aliuliza kitu kimoja tu, kama kiti cha mwenyekiti kina mto. Aliyetaka kuharibu mambo ni Nyati.

"Jambo zuri hili," Nyati akasema. "Ngoja kwanza nikamshirikishe Tembo, ni rafiki yangu."

Moyo wa Pimbi ukapiga du, du, du. Tembo akijua, yote yamekwisha, na mtoto wake hataiona masika.

"Nenda tu, baba," akasema polepole. "Wewe ndiye unayemjua Tembo. Akisikia pana kiti, atakuachia?"

Nyati akatafuna majani muda mrefu. "Kwani ni lazima ajue?"

"Mimi ni nani nikulazimishe?"

Fomu ya tano Pimbi aliijaza jina lake mwenyewe, kisha akapita kaya kwa kaya kuwaambia wadogo wenzake wapi pa kusimama.

Siku ya kura Kiboko alitoka majini anameremeta. "Nasikitika sana," akasema kwa furaha, "wagombea wapya hawakupatikana."

"Wamepatikana watano," Korongo akasema, akayasoma majina.

Wakubwa wakajitokeza mmoja mmoja, vifua mbele, kila mmoja akashika nafasi yake na kuwasubiri marafiki. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Mwisho wakageuka kutazama. Nyuma ya Tembo palikuwa na mkia wa Tembo.

"Nyati, njoo nyuma yangu."

"Nije wapi, na mimi nagombea?"

"Jitoe."

"Jitoe wewe, umri umekwenda."

"Rudini wote nyuma yangu!" Kiboko akafoka. Hakurudi hata mmoja. Kila mmoja alikuwa ameshajiona mwenyekiti kwa siku tisa nzima, na utamu huo ukishauonja hautemeki.

Korongo akapima. Nyuma ya wakubwa watano hakupata pa kuweka hata unyayo. Nyuma ya Pimbi, tapu, tapu, tapu, hatua kumi na mbili.

"Na mimi nipime," Kiboko akasema. "Peke yangu ni hatua tatu."

"Mgombea hapimwi, mzee. Kanuni ulitunga wewe."

Kesho yake asubuhi wadogo walikunywa kwanza. Pimbi alimbeba mtoto mgongoni mpaka ukingoni, kwenye maji ambayo hakuna aliyekuwa ameyakanyaga. Mtoto akainama, akashtuka, akarudi nyuma.

"Mama, nani yule mle ndani?"

"Ni wewe, mwanangu. Kunywa." Na mwenyekiti mpya wa Bwawani akageuka pembeni, akalia.

Nami naishia hapo, wanangu: anayependa kusimama mbele, ageuke kwanza aone kama nyuma kuna mtu.