Kichwa cha Perege wa Kwanza

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana bwawa la Mto Mbezo lilikwisha kujengwa, kijiji cha Lugoda kiliishiwa samaki. Vifaranga wa perege walizaliwa, wakabaki wadogo kama punje za mchele, kisha wakafa. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata Sikudhani, mjane aliyeishi kwa kubanika samaki. "Anaosha masizi mtoni," wakasema, na kweli huo ulikuwa mwiko. Wakamkataza kukanyaga ukingo.

Jirani yake, Limbega, akawa anamchotea maji. Wanaume wenzake wakamcheka: "Vipi Limbega, umeolewa?" Yeye akachota tu. Siku moja vifaranga kadhaa wakaingia ndooni. Sikudhani akawamwaga kwenye beseni uani, juani, akawa anawatupia pumba. Baada ya wiki chache wakawa na urefu wa kidole. Wenzao wa mtoni bado punje. Kulikoni? Akatia mkono kwenye beseni: vuguvugu. Akatia kwenye ndoo iliyotoka mtoni sasa hivi: mkono ukafa ganzi.

Akafunga safari hadi bwawani, mto unakopata maji yake, kwa Ngwale, kijana mfungua malango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, maji haya mnayatoa wapi?"

"Chini kabisa, kusikofika jua. Ndiyo amri."

"Na ya juu, yanayopata jua, je? Vifaranga wetu wanadumaa kwa baridi."

Ngwale akakuna kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kesho yake akafungua lango la juu, akafukuzwa kazi. Lakini perege walinenepa hivi kwamba wakubwa wake hawakuthubutu kulifunga tena.

Sasa, kwa watu wa Lugoda, kichwa cha perege wa kwanza kuvuliwa katika msimu hakigawanywi. Anayekila ndiye mwenye mto: yeye huruhusu, yeye hukataza.

Perege huyo alipovuliwa, watu watatu wakakidai kichwa. Limbega akasema, "Nisingechota, vifaranga wangefikaje uani? Na kuchekwa nilichekwa peke yangu."

Ngwale akasema, "Kujua si kufungua. Nimepoteza kazi, sasa sina pengine pa kula ila mto huu."

Sikudhani akasema, "Mimi ndiye niliyeona, mimi ndiye niliyeuliza. Na katazo langu halijafutwa. Atakayekila kichwa hiki atalifuta, au asilifute, apendavyo."

Waamuzi walikuwa wanakijiji walewale waliomkataza Sikudhani kukanyaga ukingo. Kichwa kikawa kinapoa sahanini.

Haya, nyinyi mnaojua kula samaki: je, nani alistahili kukila?